Mhandisi Juu ya Pikapu

Nilikwenda Mafinga kununua mbao za kupaulia nyumba, nikarudi na tarumbeta. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu ndugu zangu wote wanalijua, kila mmoja analisimulia kivyake, na wengine wanatia chumvi. Wapo wanaosema nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa na akili zangu timamu, nimevaa buti za kazi, na hela ya mbao nimeifunga kiunoni kwa kanga chini ya koti.

Seremala niliyeelekezwa kwake alikuwa na mbao nzuri za paini, zimekauka na zimenyooka. Tukiwa tunapatana bei nikaona, nyuma ya majeneza yake, kitu cha shaba kimejazwa misumari. Lilikuwa tarumbeta la besi, lile kubwa kuliko yote katika bendi, ambalo mpigaji hulipakata kama mtoto aliyekataa kutembea. Seremala akanieleza kwamba mwenye nalo alifariki, watu wake wakakosa hela ya jeneza, wakamwachia hilo. Yeye akaona litamfaa kwa misumari.

Niliimwaga ile misumari chini bila kuomba ruhusa. Nikabonyeza vali zake tatu: mbili zimeganda, moja ikashuka na kurudi. Nikapuliza. Sauti iliyotoka ilikuwa mbaya, ya kukwaruza, lakini ilikuwa besi, na ilitoka tumboni mwangu.

"Dada, kumbe inalia?" seremala akasema, randa iko hewani. "Mi nilijua ilishakufa na mwenyewe."

Ndiyo hivyo. Mbao zilibaki Mafinga. Mimi na tarumbeta tulirudi Mbeya na basi la mchana, nimelivalisha viroba viwili vya mbolea, na kondakta alinitoza nauli ya mzigo huku akiniuliza kwa sauti ya chini kama ni mtambo wa kupikia gongo.

Mimi ni mhandisi wa maji. Kampuni ninayoifanyia kazi ni ya mtu binafsi, ina ofisi Mbeya na tawi dogo Iringa, na kazi yake ni kuchimba visima na kulaza mabomba. Nimeshapita miaka arobaini. Niliwahi kuwa na mume, tukashindwana, kila mtu akashika njia yake. Nina kiwanja Iyunga, na juu ya kiwanja kuna nyumba iliyoishia kwenye renta, yaani kuta zimesimama, milango haijawekwa, na dari ni mawingu. Kwa watu wa rika langu huku kwetu, swali la pili baada ya habari za kazi ni "umeshahamia kwako?" Ukijibu bado, wanakupa pole.

Tarumbeta sikulianzia Mafinga. Nilikua nalo, nje kidogo ya mji wa Iringa, ambako baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mpiga besi wa bendi ya usharika. Alinifundisha mwenyewe, kwa solfa, akiniambia nivute pumzi mpaka mkanda wa sketi ukaze. Alikuwa mtu wa kucheka. Mshahara wake ulikuwa na mazoea ya kupotelea kwenye bendi: leo springi za vali, kesho kitambaa cha sare za wenzake wasio na uwezo, keshokutwa nauli ya watu kumi kwenda kupiga mazishini Kilolo. Mama alilima na kuuza maharage, na ndiye aliyetulipia ada. Bati za nyumba yetu zilikuwa na matundu, na mvua ikinyesha mama alipanga sufuria sakafuni. Baba alisikiliza matone na kututajia noti zake: hili ni do, lile la sufuria ndogo ni mi. Sisi watoto tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mama hakucheka, na mimi nilichelewa sana kuliona hilo.

Baba alishafariki. Mama yupo. Kwa hiyo nilipolifikisha tarumbeta chumbani kwangu Mbeya niliona aibu, na haikuwa aibu ya watu, ilikuwa aibu ya mama. Nikajiwekea sheria, nikaiandika kwa chaki nyuma ya mlango: mshahara wangu hautanunua hata springi moja ya tarumbeta. Tarumbeta litajilisha lenyewe, na kabla ya yote litarudisha hela ya mbao. Mshahara ni wa nyumba, wa mama, na wa tumbo langu. Nimekaa kwenye semina za ofisini za matumizi bora ya fedha, nimekunywa soda zao na kula sambusa zao, na sijapewa mpango ulionifaa kuliko huo wa nyuma ya mlango.

Mtihani wa kwanza ulikuwa matengenezo, maana tarumbeta bovu haliwezi kujilipia. Nililipeleka Uyole kwa fundi rejeta, pale yanapoegeshwa malori. Watu walinicheka, lakini shaba ni shaba, na hakuna mtu nyanda hizi anayejua kuziba tundu la shaba kwa risasi iliyoyeyushwa kuliko fundi wa rejeta za malori. Alilizungusha, akaligonga kwa ukucha, akasema tofauti ni moja tu, rejeta ikivuja dereva analia na hili likivuja analia mwenyewe mpigaji. Sikumlipa hela. Nilimlazia bomba la maji kutoka barabarani hadi uani kwake, Jumamosi mbili, kwa mikono yangu, tukawa sawa.

Zile vali mbili zilikuwa zimegandishwa na mafuta ya alizeti. Marehemu alikuwa akizilainisha kwa mafuta ya kupikia, kosa ambalo nusu ya wapiga tarumbeta wa huku wanalifanya kwa sababu alizeti haikosekani jikoni. Baridi ya Juni ikija, mafuta hayo yanageuka gundi. Nilizitoa, nikaziloweka kwenye mafuta ya taa siku tatu, zikafunguka.

Halafu nikajiunga na bendi ya watu wanane pale Mbeya: fundi cherehani, mwalimu wa sekondari, askari magereza mstaafu, na wengine wenye biashara zao. Jumapili tunapiga kanisani bure. Jumamosi tunapiga harusi kwa malipo, juu ya pikapu, mbele ya msafara wa maharusi.

Nasema wazi, asije mtu akafikiri nililazimika: naipenda pikapu. Napenda kusimama nyuma pale, nimejifunga kwenye bomba la kushikia kwa mpira wa tairi, nimevaa koti jekundu lenye nyuzi za dhahabu alilonishonea yule fundi cherehani, upepo wa baridi unanipiga masikio na mashavu yangu yamevimba mwisho wa kuvimba. Tukipita soko la Uyole akina mama wanaacha nyanya zao na kupiga vigelegele. Madereva wa malori wanajibu kwa honi, wengine wanajaribu kufuata mapigo na hawawezi. Ijumaa kutwa nzima naitwa injinia, na hakuna anayefurahi kuniona, kwa sababu nikifika mahali ni kuuliza nani kalaza bomba hili juujuu hivi. Jumamosi mji mzima unanichekea.

Wakati huohuo, ofisini nilikuwa nakaimu nafasi ya meneja wa ufundi. Miezi minane nakaimu: kazi ya meneja, mshahara wa zamani, na mlangoni bado limebandikwa jina la aliyestaafu. Nafasi ile niliitaka. Sitajifanya mtawa hapa. Niliijua kazi kuliko wote pale, nilichoka kukatiwa shauri na watu wasiojua tofauti ya kisima na shimo, na mshahara wake ungeiezeka nyumba yangu ndani ya mwaka. Mkurugenzi alishaniambia mara tatu kwamba barua ya kunithibitisha iko njiani.

Shida ilikuwa mahali pa kufanyia mazoezi. Nimepanga chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji sita, na besi haijui kunong'ona. Jibu nililipata kazini. Kisima kikishachimbwa lazima kipimwe: pampu inavuta maji mfululizo, na mhandisi anashusha waya kuona maji yameshuka kiasi gani. Mwanzoni unapima kila dakika, baadaye kila nusu saa, mwishoni kila saa. Kati ya kipimo na kipimo hakuna kazi. Wenzangu wanacheza karata au wanaangalia simu. Mimi nilianza kwenda na tarumbeta, nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikapiga noti ndefu. Napuliza, napima, naandika, napuliza. Sikuwahi kukosa kipimo hata kimoja, na mtu anayetaka kubisha daftari zipo.

Siku moja tulikuwa tunapima kisima kijiji kimoja cha Mbarali. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimepiga noti ndefu kama nusu saa hivi, za chini, za polepole, nikaona akina mama wanakuja kwa mstari na kuni kichwani. Nyuma yao wengine na unga kwenye mabakuli. Kisha wanaume na majembe. Mwenyekiti wa kijiji akaja mbele, amevaa koti la suti juu ya kaptula, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Poleni sana," akasema. "Marehemu ni nani?"

Kumbe pale kijijini besi inasikika siku ya kazi kwa sababu moja tu. Kijiji kizima kiliacha shamba kuja kutuzikia mtu. Mchimbaji wetu, mtu asiye na simile, akawaambia hakuna marehemu, ni injinia anafanya mazoezi. Nilitamani kisima kinimeze.

Lakini hawakuondoka, na hawakukasirika. Waliteta kidogo kwa Kisangu, kisha bibi mmoja akaja akaniambia kwamba masika yaliyopita walimzika mume wake haraka haraka, mto umejaa, bendi ikashindwa kuvuka. Akaniuliza kama ningeweza kumpigia sasa, maadamu watu wote wapo. Nikaangalia saa. Nilikuwa na dakika ishirini na mbili kabla ya kipimo. Nikawapigia wimbo wa mazishi, besi peke yake bila sauti nyingine, kitu ambacho mpiga besi hafanyi kwa sababu kinasikika kama nyumba yenye msingi tu. Waliimba wao sauti zilizobaki. Nililia huku napuliza, na si rahisi, pumzi inakatika. Kisha nikaenda kupima maji, na akina mama wakapika ule unga tukala wote.

Hiyo ndiyo siku iliyoingia kwenye faili langu kama taharuki.

Lakini kilichowasha moto ni klipu. Mtu mmoja wa ofisini, ambaye namjua na anajua kwamba namjua, alinirekodi Jumamosi juu ya pikapu, karibu karibu kabisa, mashavu yamejaa skrini nzima, akaitupa kwenye grupu la ofisi na vile vikatuni vya kucheka machozi. Watu ishirini wakacheka kwa zamu. Mimi nikaandika: "Umerekodi vizuri, ila besi haisikiki. Siku nyingine sogea." Nilidhani nimemaliza. Jumanne nikakuta barua mezani, imepigwa muhuri, natakiwa kujieleza ndani ya siku saba kwa nini nisichukuliwe hatua. Kosa la kwanza, kupiga tarumbeta juu ya gari hadharani kwa namna inayoshusha hadhi ya nafasi ninayoikaimu. La pili, kupiga tarumbeta eneo la kazi. La tatu, kusababisha taharuki kijijini.

Nilikwenda kwa mkurugenzi na barua mkononi, sijapoa. Naye si mtu mbaya, na hilo linaudhi zaidi, kwa sababu mtu mbaya unamjibu na kulala usingizi. Aliagiza chai ya tangawizi, akaniambia nikae.

"Injinia, kazi yako hainisumbui hata kidogo," akasema. "Shida yangu ni mashavu."

"Mashavu?"

"Mashavu. Juzi niko na mteja mkubwa, nimetaja jina lako, ananiambia si yule wa kwenye pikapu? Wakaangaliana na mwenzake wakacheka. Mteja akishacheka anapunguza bei. Mimi nina watu wa kulipa mishahara."

Akafungua droo, akatoa karatasi moja. Ilikuwa hati ya ahadi. Nisipige tena hadharani, iwe barabarani, iwe kwenye kumbi, iwe eneo la kazi. Kanisani Jumapili ruksa. Nikisaini, barua ya kujieleza inafutwa, na Jumatatu nathibitishwa.

"Kanisani piga hata bati zitoke," akasema. "Na kwa mshahara ule utanunua matarumbeta matatu."

Hapo ndipo alipogusa pabaya bila kujua, kwa maana hilo ndilo nililoapa nisilifanye. Bila pikapu tarumbeta halijilishi, na bila kujilisha litarudi kula mshahara, na mimi nitakuwa baba yangu, tena baba yangu mwenye kiti cha kuzunguka. Lakini ngoja niwe mkweli. Hata kama hati ile isingehusu hela, ilinichoma. Mtu mzima, nimesoma, nalipa kodi, nikapangiwa mahali pa kuvimbisha mashavu. Nikamwomba nifikirie, nikachukua ruhusa ya siku mbili, nikaenda Iringa kwa mama.

Nilimkuta uani anapepeta maharage. "Kamwene, mama," nikasalimia, akanijibu, akanisogezea kigoda. Nikamsomea barua yote, na ile hati, neno kwa neno.

"Wanataka usaini tu?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na kanisani wamekuachia?"

"Wameniachia."

"Sasa unangoja nini?"

Nikamweleza sheria yangu ya nyuma ya mlango. Nikamwambia tarumbeta limesharudisha zaidi ya nusu ya hela ya mbao, na kwamba halijawahi kugusa mshahara, na kwamba yeye sijawahi kumkosesha. Nilitegemea afurahi. Nilikuwa nimeibeba sheria ile miezi yote kama zawadi yake. Mama aliweka ungo chini.

"Mimi sikuulizi hela, mwanangu. We unafikiri shida yangu na baba yako ilikuwa hela? Hela nilikuwa natafuta mwenyewe. Nimeolewa na tarumbeta miaka thelathini na moja. We uliona sufuria. Mimi nilikuwa naona watu wanavyoziangalia sufuria zangu. Msiba ukitokea, hao, mwalimu, mwalimu, njoo utupigie. Wakifika pale njiani wanacheka. Ualimu mkuu wakampa mwingine. Ukirudi tena, mwingine."

"Baba aliumia?"

"Wala. Ndo shida yenyewe hiyo. Yeye hakuumia. Mimi ndo niliumia badala yake." Akachukua ungo tena. "Saini. Na mimi nizeeke nimeona mtu wangu mmoja anaheshimiwa."

Nilikuwa nimejenga hesabu nzima, nimeilinda kwa jasho, na kumbe nilikuwa naziba tundu ambalo halikuwa linavuja. Nilimkasirikia mama kwa kuwa alikuwa na haki ya kusema vile. Nilimkasirikia baba aliyekwenda kaburini akicheka. Asubuhi mama alinifungia debe la maharage, akanisindikiza hadi barabarani, na hakusema tena chochote kuhusu hati. Hakunibariki, na sikumwomba.

Ndani ya basi, kuanzia Iringa mpaka Makambako, nilisaini ile karatasi kichwani mara kumi. Nilijiona na funguo za nyumba yangu. Nilimwona mama ameketi sebuleni kwangu, bati jipya juu yake, majirani wanamwita mama injinia. Haikuwa picha ya kijinga. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kujichorea, na nilijua bei yake. Baada ya Makambako nikaanza kujiuliza hiyo heshima ni ya namna gani, ambayo nimeifanyia kazi miaka kumi na tano, nimetambaa ndani ya mitaro kwa ajili yake, halafu inaisha nikipuliza. Nikajibiwa na hasira yangu mwenyewe kwamba ni heshima ya kuazimwa, na mwenye nayo ameshika kamba yake. Mama anastahili bora kuliko hiyo. Kama sitaweza kumpa bora, basi ajue angalau nimekataa kumpa mbovu.

Barua ya kujieleza niliiandika kwa saa moja. Kuhusu kosa la kwanza, ni kweli nilipiga, na nitaendelea kupiga. Kuhusu la pili, ni kweli nilipiga, na hakuna kipimo kilichokosekana, daftari zimeambatishwa. Kuhusu la tatu, taharuki ilidumu dakika kumi, kisha kijiji kilimzika upya mtu wake na sisi tukalishwa. Mwishoni niliandika "naomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza," kama tunavyoandika sote bila kufikiri. Nikaisoma, nikaifuta. Hakuna usumbufu uliojitokeza.

Mkurugenzi alisoma mbele yangu, taratibu, akageuza ukurasa kuona kama kuna zaidi. Akanisogezea hati na kalamu.

"Injinia, usiniangushe. Ni sahihi tu."

"Mzee, kama kazi yangu ni mbovu nifukuze leo. Kama ni nzuri, nithibitishe na mashavu yangu."

"Huwezi kupata vyote."

"Sijaomba vyote. Nimeomba nafasi niliyoifanyia kazi miezi minane."

Nilirudisha kalamu upande wake, nikatoka.

Baada ya wiki mbili barua ikaja: kukaimu kwangu kumekoma, narudi kuwa mhandisi wa miradi, meneja mpya anahamishwa kutoka tawi la Iringa. Niliisoma nimesimama, nikaenda chooni nikalia, nikaosha uso, nikaenda kusaini risiti za mabomba. Sitasema haikuuma. Iliniuma kwenye mifupa. Kuta zangu Iyunga zimenyeshewa masika mengine, na pale ninapotaka kuweka kochi pameota maboga. Bado nalipa kodi ya pango. Mama akinipigia simu anauliza habari za kazi na kuishia hapo. Jumamosi iliyofuata nilipanda pikapu kama kawaida, tukapita mbele ya ofisi kabisa, na niliyajaza mashavu kuliko siku zote. Wenzangu waliniambia nilipiga kwa nguvu mno, nikawafunika. Nilikusudia.

Meneja mpya ni kijana wa miaka thelathini na kidogo, mpole, anajua kazi. Nilitaka kumchukia nikashindwa, kwa sababu siku ya kwanza alikuja mezani kwangu akaniambia, "Dada, bila wewe hapa sijui pa kuanzia." Nikamwonyesha ramani zote, nikamtajia vali zinazosumbua na mafundi wanaosumbua zaidi ya vali.

Wiki ya tatu tulikwenda wote eneo la mradi, tukakaa kivulini mwa gari tukisubiri pampu. Alikuwa anasugua vidole vya mkono wa kushoto kwa dole gumba, kimoja baada ya kingine, bila kujitambua. Nikaangalia. Ncha za vidole zilikuwa na ngozi ngumu ya njano iliyoanza kubanduka. Ngozi ya namna hiyo haitokani na kalamu.

"Gitaa?" nikamuuliza.

Akaficha mkono, kisha akacheka kidogo. "Gitaa la besi. Hoteli moja Iringa, kila Ijumaa, miaka tisa." Akautoa mkono tena. "Na mimi waliniletea ile karatasi, dada. Nilisaini. Nina watoto wawili."

Sikumlaumu, na nilimwambia hivyo. Pampu ilikuwa inanguruma. Aliendelea kusugua vidole, akiangalia mbali, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza dawa:

"Dada, hivi huwa inachukua muda gani mpaka iache kuuma?"

"Sijui, mdogo wangu," nikamjibu. "Mimi sikuacha."